Hema Lipi Ulibebe Tamashani: Kuba, la Kufyatuka, la Matao au la Kengele?

Mpanda mlima hulala mapema na kuamka na jua. Hema lake limeshonwa lipigane na baridi na upepo wa usiku, na wauzaji hulisifia kwa hayo hayo. Mtu wa tamasha maisha yake ni kinyume. Anarudi hemani saa kumi alfajiri, nyayo zinawaka, ngoma bado inadunda kifuani, anafunga zipu akitaraji kulala mpaka saa nne. Saa kumi na mbili na robo jua limechomoza. Saa moja na nusu limeshalishika hema. Saa mbili yuko nje ameketi juu ya kreti ya soda, macho mekundu, na siku nzima ya muziki bado inamngoja.

Nimekuwa mtu huyo. Mara yangu ya kwanza kulala kambini Kilifi, pwani ya Kenya, mwishoni mwa Desemba, nilikuwa na hema dogo la buluu la tabaka moja. Niliamka shavu limegandana na sakafu, leso niliyojifunika imelowa kana kwamba imetoka kwenye beseni, na matone yamejipanga darini yakingoja mtu aliguse hema yaanguke yote kwa pamoja. Hatua tatu kutoka kwangu jirani alikuwa amelala fofofo. Hema lake halikuwa la bei kubwa kuliko langu. Lilikuwa la tabaka mbili, limepigwa upande wa magharibi wa mti, mlango wake wa wavu ukitazama upepo. Tangu siku hiyo mtu akiniuliza anunue hema gani, mimi humuuliza kwanza: asubuhi utalala vipi?

Unakwenda wapi, na mwezi gani?

Si kila tamasha la kwetu ni la kulala hemani. Sauti za Busara la Zanzibar, lililoanza 2004 na ambalo hufanyika Februari, ni la mjini. Watu hulala nyumba za wageni, na hema huko ni mzigo wa bure. Ila kambi zipo, na hali zake hazifanani hata kidogo.

Kilifi, kwenye tamasha la mwaka mpya la Beneath the Baobabs (wengi bado wanaliita kwa jina la zamani, Kilifi New Year), adui ni joto na unyevu. Usiku hakupoi sana, umande unashuka, na chini kuna mchanga mahali pamoja na mwamba wa matumbawe hatua mbili mbele. Neema ya msimu huo ni kaskazi, inayovuma toka kaskazini-mashariki kuanzia Desemba hivi mpaka Machi.

Jinja ni habari nyingine. Nyege Nyege lilianza huko 2015, kando ya mto Nile, na kwa kawaida huangukia kati ya Septemba na Novemba, yaani ndani ya mvua za vuli za Uganda. Mvua ya pale haipigi hodi. Mchana jua kali, saa kumi jioni wingu jeusi, na dakika ishirini baadaye udongo mwekundu umekuwa uji unaovua watu viatu.

Naivasha, takriban mita 1,880 juu ya usawa wa bahari, inakusanya kambi kubwa hasa wakati wa mbio za magari za Safari Rally, na muziki huko haulali. Huko tatizo ni baridi ya alfajiri na umande mzito. Pia viboko hutoka ziwani usiku kula majani, kwa hiyo hema lako, liwe la aina yoyote, likae ndani ya uzio.

Hema lililomfaa sana rafiki yako Naivasha linaweza kukupika Kilifi. Ndiyo maana sitasema lipi ni bora kuliko yote.

Mambo matano ya kupimia

La kwanza ni *asubuhi*. Je, hema lina tabaka mbili, yaani chumba cha ndani chenye wavu na paa la nje lililoachana nacho? Hewa inayopita katikati ya tabaka hizo ndiyo inayopunguza joto, na ndiyo inayofanya jasho la hema libaki kwenye paa la nje badala ya kukudondokea usoni. Hema lina milango mingapi? Mlango mmoja hauleti upepo. Upepo unahitaji pa kuingilia na pa kutokea.

La pili ni *mvua*. Kwenye kibandiko utaona namba kama 1,500 mm au 3,000 mm. Maana yake ni kimo cha maji ambacho kitambaa kinaweza kustahimili kabla hayajapenya. Paa la 1,500 mm linatosha kwa manyunyu na mvua ya wastani. Kwa Jinja tafuta zaidi ya hapo. Sakafu inahitaji namba kubwa kuliko paa, 3,000 mm na kuendelea, kwa sababu goti au kiwiko chako kinalikandamiza tope kutoka juu. Na namba yoyote haina faida kama mishono haikubandikwa utepe kwa ndani. Mvua haitafuti kitambaa, inatafuta tundu la sindano.

La tatu ni *kupiga na kung'oa*. Utafika saa ngapi? Ukifika na basi la usiku, utapiga hema kwa tochi ya simu, pengine peke yako. Siku ya kuondoka utaling'oa ukiwa na usingizi wa siku tatu.

La nne ni *safari*. Hema linalopanda buti la gari binafsi haliulizwi uzito. Linalopanda basi, kisha matatu, kisha bodaboda, linaulizwa.

La tano ni *umri wake*: kinachovunjika ni nini, na kinarekebishika?

Kuhusu ukubwa, jambo moja tu. "Watu wawili" kwenye kibandiko maana yake ni watu wawili waliolala ubavu kwa ubavu kama samaki kwenye kopo, bila begi hata moja. Mkiwa wawili nunueni la watatu. Mkiwa watatu, la wanne au watano.

Hema la kuba

Hili ndilo la kawaida: fito mbili ndefu zinazopishana juu, chumba cha ndani kinaning'inia au kupita kwenye fito hizo, na paa la nje linavikwa juu.

*Asubuhi.* Kuba zuri lina wavu mpana kwenye chumba cha ndani, na hapo unaweza kufunga nusu ya mlango wa nje na kuacha hewa ipite. Nimelala Kilifi katika kuba la milango miwili mpaka saa tatu unusu, na hiyo ilitokana na mlango mmoja kuelekea kaskazini-mashariki na mwingine upande wa pili. Kuna makuba ya bei nafuu yenye paa dogo kama kofia, linalofunika utosi tu. Yanapitisha hewa vizuri mno. Jua pia yanalipitisha, na mvua ya upepo inaingia ubavuni kama mgeni aliyealikwa.

*Mvua.* Lenye paa linaloshuka mpaka karibu na ardhi, na lisilogusana na chumba cha ndani, linavuka usiku wa Jinja bila shida. Kibaraza kidogo mbele ya mlango ni cha thamani kuliko watu wanavyodhani: viatu vya tope hukaa pale, na usingizi wako hukaa ndani.

*Kupiga na kung'oa.* Dakika kumi mpaka kumi na tano, mtu mmoja anaweza. Ila sifa yake kubwa ni kwamba linasimama bila vigingi. Kwenye mwamba wa matumbawe ambako kigingi chembamba kinapinda kama waya wa banio, hii inaamua kila kitu. Na ukigundua siku ya pili kwamba kivuli ulichohesabu hakipo, mnalinyanyua watu wawili kama kitanda na kulihamisha. Tahadhari ni hii: kusimama bila vigingi hakumaanishi kukaa bila uzito. Hema tupu na upepo wa bahari ni mpira. Weka mabegi kwenye pembe, au jaza mchanga kwenye mifuko, uifunge kamba na kuifukia.

*Safari.* La watu watatu mara nyingi ni kilo 3 hadi 5, mfuko wake ni mrefu na mwembamba, linaingia juu ya viti vya basi.

*Umri.* Fito za faibaglasi hupasuka, hasa kwenye maungio, na vumbi lake linachoma vidole. Beba kipande cha bomba la chuma cha kuvika juu ya ufito uliovunjika. Mahema mengi huja nacho na watu hukitupa wasijue ni cha nini. Fito za alumini ni ghali zaidi, ni nyepesi, na zikipinda huzinyoosha taratibu ukaendelea.

Linamfaa anayesafiri kwa basi, anayekwenda mahali tofauti kila mwaka, na anayenunua hema moja tu la kufanyia kila kitu.

Hema la kufyatuka

Fito zake ni pete ya kunyumbulika iliyoshonewa ndani ya kitambaa. Ukilitoa mfukoni na kulirusha, linafyatuka na kusimama. Decathlon ya Ufaransa ilitoa lake la "2 Seconds" mwaka 2005, na tangu hapo aina hii imejaa kila soko, kuanzia zilizo bora mpaka vile vivuli vya ufukweni vinavyouzwa kwa jina la hema. Kabla ya kulipa, hakikisha lina sakafu iliyoshonwa na zipu inayofunga pande zote. Mbu wa Jinja na wa Kilifi hawahitaji tundu kubwa, na malaria ipo kote kuwili.

*Asubuhi.* Hapa aina hii inagawanyika pande mbili zilizo mbali sana. Ya bei ya chini ni tabaka moja, kitambaa chembamba, dirisha kama la choo. Hiyo ndiyo iliyonipika mwaka ule. Ya bei ya juu ina tabaka mbili, na nyingine zimeshonwa kwa kitambaa cheusi ndani kinachozuia mwanga, hata saa tatu asubuhi ukiingia unahitaji tochi. Nazipenda hizo, lakini watu wanachanganya giza na ubaridi. Giza linasaidia macho. Mwili bado unataka hewa na kivuli, na kitambaa cheusi kilichoachwa kwenye jua kali la pwani bila upepo nacho huwa tanuri, ila lenye giza.

*Mvua.* Manyunyu, sawa. Mvua ya saa nzima, inategemea mishono. Mengi ni mafupi na paa lake lina mteremko mdogo, kwa hiyo maji hutuama juu na kulegeza kitambaa. Kaza kamba zake zote, hata kama hakuna upepo.

*Kupiga na kung'oa.* Kupiga ni sekunde chache, na kwa mtu anayefika saa saba usiku hilo si jambo dogo. Nimewahi kuwaona dada wawili wakishuka kwenye tuk-tuk gizani, wakarusha hema, wakagonga vigingi vinne, na kabla mimi sijamaliza kuunganisha ufito wa pili walikuwa wamekwisha kwenda jukwaani. Kukunja ndiko kunakoliza watu. Unalisimamisha wima, unakusanya pete zake pamoja kama kurasa za kitabu, unakanyaga upande mmoja, kisha unasukuma upande wa juu uelekee chini mpaka pete ijipinde kama namba nane na kujilaza yenyewe kuwa duara. Ukilazimisha, linafyatuka usoni. Jifunze nyumbani mara tatu nne, na mara moja ukiwa umefumba macho.

*Safari.* Likikunjwa huwa sahani kubwa, kama sentimita 80 upana kwa la watu wawili. Haliingii juu ya viti. Kwenye bodaboda linakuwa tanga, na dereva ataona upepo ukimvuta ubavuni. Kwenye buti la gari linalala bapa, halichukui nafasi.

*Umri.* Pete ikivunjika ndiyo basi, kwa sababu vipuri vyake ni vigumu kupata. Fundi cherehani anaweza kuziba kitambaa, hawezi kukurudishia pete.

Linamfaa mwenye gari, anayefika usiku, anayekwenda usiku mmoja au miwili, na asiyependa kabisa kazi ya kujenga.

Hema la matao

Matao matatu au manne yamesimama mfululizo, kitambaa kimepita juu, na ndani kuna vyumba viwili na ukumbi katikati. Watu wa familia na makundi hulipenda kwa haki.

*Asubuhi*, ukumbi wa katikati ndio faida: mnafungua ubavu wake, hewa inapita, na wanaoamka mapema wanachemsha chai bila kukanyaga wanaolala. *Mvua* linaistahimili vizuri, na mna pa kukaa wote wakati inanyesha, jambo ambalo kuba haliwapi. *Kupiga* kunataka watu wawili, nusu saa, na lazima vigingi vishike, maana bila vigingi matao yanalala chini. Kwenye matumbawe ya Kilifi hilo ni tatizo la kweli. Kwenye nyasi za Naivasha halipo. Elekeza mgongo wake mwembamba kwenye upepo, si ubavu. *Safari* ni ya gari, kilo 10 na zaidi. *Umri* ni kama wa kuba, ila likichanika ni kitambaa kingi cha kushona.

Linawafaa watu wanne hadi sita wanaokwenda pamoja na kurudi pamoja, wenye watoto au wenye jiko.

Hema la kengele

Nguzo moja katikati, turubai la pamba limeshuka pande zote mpaka kwenye ukuta mfupi. Ni lile zuri lenye mkeka na taa ndani, ambalo kila mtu anapiga picha mbele yake.

*Asubuhi.* Katika joto la pwani, turubai la pamba linazidi poliesta kwa mbali. Linapumua, linatoa kivuli kizito, na ukiukunja ukuta wake kuzunguka pande zote hema linageuka banda. Unasimama wima ukavaa suruali kama mtu aliye nyumbani kwake. Jihadhari tu: ukuta ukikunjwa, mbu wanaingia, kwa hiyo tundika chandarua kwenye nguzo.

*Mvua.* Turubai jipya linaweza kuvuja mara ya kwanza. Nyuzi za pamba hujaa maji na kuvimba, na zikishavimba hubana matundu ya mishono. Ndiyo maana wenye nayo huyapiga uani, huyamwagia maji kwa mpira, huyaacha yakauke, kisha hurudia, kabla ya kuyapeleka popote. Baada ya hapo yanastahimili mvua ya kutisha.

*Kupiga na kung'oa.* Watu wawili, nusu saa, na vigingi vizito vya kupigwa kwa nyundo. Kazi kubwa inakuja ukifika nyumbani, kwa sababu turubai la pamba lililokunjwa bichi hushika kuvu kwa siku chache, na yale madoa meusi hayatoki. Kama huna ua wala paa la ghorofa pa kulianika siku mbili, fikiri mara ya pili.

*Safari.* La mita 4 ni kilo 20 na zaidi. Pikipiki hailiwezi, na bega lako pia.

*Umri.* Ukilitunza likakauka kila mara, linadumu miaka mingi kuliko yote hapa. Likichanika, fundi wa maturubai ya malori analishona vizuri. Bei yake lakini ni mara kadhaa ya kuba.

Linawafaa wenye gari na uani, wanaokaa siku nne au zaidi, au kundi la marafiki wanaochangishana wakalimiliki pamoja. Matamasha mengi pia hukodisha mahema yaliyokwisha kusimamishwa, na kwa mtu anayetoka mbali kwa ndege hiyo ni njia halali kabisa. Uliza mambo mawili tu kabla ya kulipa: liko chini ya kivuli, na liko umbali gani na spika?

Ukinunua mitumba

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mahema mengi mazuri ninayoyajua kambini yametoka sokoni Toi au Gikomba, Nairobi. Ni mahema ya Ulaya yaliyotumika mara mbili tatu, na bei yake humfikia kijana wa kawaida. Lakini muuzaji hatakuruhusu ulale humo siku nzima, basi ujue pa kushika.

Geuza paa la nje upande wa ndani na ulipapase kwa kiganja. Likinata kama karatasi ya peremende, likanuka kama maziwa yaliyolala, utando wake wa kuzuia maji umeoza. Hakuna dawa yake, ondoka. Likiwa kavu na laini, angalia utepe wa mishono. Utepe unaobanduka sehemu moja moja unabandikwa upya kwa gundi ya mishono. Unaobanduka kote, hesabu gharama na muda wako.

Hesabu fito na uziunganishe zote palepale, hata muuzaji akikunja uso. Fito za hema moja huishia kwenye mfuko wa jingine, na ufito mfupi kwa shibiri moja unafanya kuba lote kuwa la kupinda. Vuta kila zipu mara tano, haraka, kona hadi kona. Kisha ingiza kichwa ndani, funga mlango, utazame mwanga: kila tundu la wavu litajionyesha kama nyota. Matundu madogo yanazibika kwa uzi. Vigingi visikusumbue, vinauzwa peke yake.

Kitambaa kilichochujuka rangi juu lakini si pembeni kimekaa juani muda mrefu. Kibane kwa vidole viwili ukivute kidogo. Kikitoa mlio wa kuchanika, kimekwisha.

Kivuli cha bei rahisi

Hema lolote kati ya haya linabadilika ukilitundikia shuka jeupe au turubai jepesi juu yake, shibiri mbili tatu kutoka kwenye paa, kwa kamba za mti hadi mti. Usililaze moja kwa moja juu ya hema, utaziba hewa. Na mti wenyewe: simama hapo jioni, utafute jua litatokea wapi. Kilifi mwezi wa Desemba linachomoza kusini zaidi ya mashariki kamili, kwa hiyo kivuli cha asubuhi huanguka upande wa magharibi wenye kuelekea kaskazini kidogo. Chini ya mnazi usipige hema kabisa, hata kama kivuli ni kizuri. Chini ya mbuyu angalia kwanza matawi makavu na mabuyu yanayoning'inia juu ya kichwa chako.

Basi, kwa hali yako

Unatoka Nairobi kwa treni mpaka Mombasa, kisha matatu mpaka Kilifi, uko peke yako au na mwenzako mmoja: kuba la watu watatu, milango miwili, wavu mwingi. Ongeza shuka la kivuli na mifuko minne ya mchanga. Ukiona lenye paa la kofia kwa bei nzuri, Kilifi wakati wa kaskazi unaweza kulivumilia. Usilipeleke Jinja.

Unakwenda Jinja kwa basi la Nairobi hadi Kampala, ambalo hupita mjini Jinja kabla ya kufika: kuba lenye paa kamili na kibaraza, sakafu ya 3,000 mm au zaidi. Sehemu tambarare ya bondeni inayoonekana nzuri ukifika ndiko maji yote yatakakokwenda usiku, basi panda juu kidogo hata kama ni mbali na jukwaa.

Una gari, unamaliza kazi Ijumaa jioni, utafika usiku wa manane na kuondoka Jumapili: la kufyatuka la tabaka mbili. Lile la tabaka moja linafaa kuwekea mabegi, au kulalia Naivasha ukiwa na blanketi la maana, maana asubuhi ya huko jua linakuja kama rafiki.

Mko kundi la watu watano wenye gari na jiko: la matao, mahali penye udongo wa kushika vigingi. Kama ni mahali pa matumbawe, makuba mawili yanayotazamana na turubai katikati yatawapa ukumbi ule ule.

Mnakwenda kila mwaka, mnakaa wiki, na mmoja wenu ana ua: changeni mnunue la kengele, na mkubaliane kabla ni nani atakayelianika.

Na kwa ndugu walioko Uingereza wanaokwenda Glastonbury, shamba lile la Somerset lililoanza kupokea tamasha mwaka 1970: mwishoni mwa Juni jua la huko huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, kwa hiyo chumba cha ndani cheusi kina maana kubwa kuliko huku kwetu, na blanketi nalo. Mtatembea mwendo mrefu na mizigo kutoka kwenye maegesho, basi chagueni kuba jepesi. Siku ya kuondoka ng'oeni hema na mhesabu vigingi vyote, kimoja kimoja, kwa sababu ng'ombe wa maziwa wanarudi kula kwenye majani yale yale.